Kutoka Shangani hadi Newala kwa Betri

Anayetaka gari la umeme akiwa Mtwara asianze na picha za magari ya Japani kwenye simu. Aanze na barabara zake. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10. Msimbati, ufukweni mwa Mnazi Bay, ni kama 45. Lindi inazidi 100 kidogo. Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, ni kama 140. Masasi, kwa kupitia Mingoyo na Ndanda, ni 200 hivi, na Dar es Salaam inakaribia 560. Chukua daftari, andika safari zako zote za wiki ya kawaida pamoja na kilomita zake, kisha andika pembeni ni mara ngapi kwa mwaka unavuka Mingoyo. Ukurasa huo utakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la muuzaji.

Kipimo cha pili unacho tayari ukutani: LUKU. Betri ya gari la umeme hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja unayonunua kwa simu. Gari dogo la abiria hula uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Mteja wa daraja la kawaida, T1, hulipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, kwa hiyo kilomita 100 zinamgharimu shilingi 5,300 hadi 6,400. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa umbali huo, lita ikiwa shilingi 3,000, litadai 24,000. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Mtwara ina bei zake kwa sababu mafuta hushushwa pia katika bandari yake, basi rudia hesabu hii kwa bei ya mwezi wako. Hata petroli ikishuka hadi 2,500, pengo linabaki kubwa.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye risiti. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kwa miaka mingi mitambo ya gesi ya Mtwara ndiyo iliyoiwashia taa mikoa ya Mtwara na Lindi, mbali na Gridi ya Taifa. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, lililokamilika 2015, lilitanguliwa na maandamano makubwa ya mwaka 2013, wananchi wakidai manufaa ya gesi hiyo yaanzie kwao. Petroli inavuka bahari kabla ya kuingia kwenye tangi. Umeme unaochaji gari mtaani Chuno au Shangani unaweza kuwa umetoka chini ya mchanga wa Msimbati, na fedha iliyoulipia haikwenda ng'ambo. Kwa mtu wa kusini hiyo ni sababu ya kutosha kulifikiria gari hili kwa makini.

Gari la kwanza

Kwa wapenzi wengi wa magari Afrika Mashariki, mlango wa kuingilia umekuwa Nissan Leaf. Lilianza kuuzwa Desemba 2010, lina usukani wa kulia, na Japani ina mengi yaliyotumika. Nairobi ililipima kwa kazi ngumu kuliko zote, teksi: Agosti 2018 kampuni ya Nopea Ride iliingiza Leaf barabarani na kuweka vituo vyake vya kuchaji. Huduma ilifungwa Desemba 2022 baada ya kampuni mama ya Finland kukwama kifedha. Kilichoifunga ni mtaji, si betri, na mnunuzi wa Mtwara anapaswa kulishika hilo kwa namna mbili: gari lenyewe linaweza kazi, na usitegemee chaji ya mtu mwingine pale unapoweza kuwa na yako.

Wengine waliokwisha kutangulia ni wengi. Volkswagen ilipeleka e-Golf Kigali mwaka 2019. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club iliingiza gari la umeme la kutembezea watalii hapa Tanzania. Ethiopia, mwanzoni mwa 2024, ilitangaza kuzuia kabisa uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Leaf la mwanzo lina betri ya uniti 24. Katalogi ya Japani iliahidi kilomita 200 kwa chaji moja. Wapimaji wa serikali ya Marekani, waliolipima toleo la 2011 kwa mwendo unaofanana zaidi na maisha, walipata 117. Amini namba ya pili. Kisha ondoa uchakavu: betri iliyobakiwa na robo tatu ya uwezo wake itakupa kama 85. Kwa safari za Shangani, Ligula, bandarini, Naliendele na Mikindani hiyo ni siku nzima na ziada. Msimbati kwenda na kurudi ni 90, na hapo jasho linaanza.

Joto ndilo adui wa betri hii. Leaf hili halina mfumo wa maji wa kupoza betri. Hutegemea hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipungua nguvu upesi, na miaka miwili hivi baadaye Nissan ikaanza kutumia kemikali zinazostahimili joto zaidi. Mtwara haifikii joto la Arizona mchana, lakini wakati wa kaskazi hata usiku haupoi, kwa hiyo betri haipati pa kupumzikia. Ukinunua uniti 24, tafuta la 2015 au baada ya hapo.

Usinunue kwa kuangalia kilomita zilizotembewa. Kulia kwa dashibodi kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza huzimika betri ikipoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Vijiti hivyo huweza kurudishwa kwa ujanja, basi mwombe muuzaji picha ya programu ya LeafSpy, inayosoma betri kupitia kifaa kidogo cha blututhi kinachochomekwa chini ya usukani. Kwenye picha ionekane asilimia ya afya, na namba ya chasisi ionekane pia. Muuzaji anayekataa ombi hilo mwache. Fedha za korosho zinapoingia, kuanzia Oktoba, pupa ya kununua chombo cha moto huwa kubwa kusini nzima, na picha ile moja ndiyo breki ya pupa.

Kuhusu ushuru, pitia kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla ya kulipa hata shilingi. Umri una adhabu yake: gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru, na Leaf la bei ya kutupa Japani linaweza kupoteza unafuu wote bandarini.

La pili na la tatu

Aliyeishi na gari dogo kwa mwaka mmoja hujua anachokosa, na mara nyingi anachokosa ni Lindi. Leaf la uniti 40, lililoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017, lilipimwa Marekani kwa kilomita 243. Likiwa na afya ya asilimia 90, Lindi na kurudi inawezekana kwa chaji moja, lakini huku ukitazama mshale kuliko barabara. Ni busara kuchaji Lindi wakati unafanya shughuli zako: saa nne kwenye soketi ya kawaida huingiza uniti 9, na uniti 9 ni kilomita 50 za utulivu wa moyo. Wakati wa kusi upepo hukusukuma ukienda na kukukabili ukirudi, hivyo usipime safari yote kwa ulichotumia asubuhi. Kushusha mwendo kutoka 100 hadi 80 huokoa kuliko hila nyingine yoyote.

BMW i3 ni chaguo la pili kwa mtu huyu. Betri yake hupozwa, na lipo toleo lenye injini ndogo ya petroli ya cc 647 inayozalisha umeme njiani chaji ikiisha. Linaondoa hofu ya kuishiwa. Ila umenunua mifumo miwili ya kutunza, na bodi yake ya nyuzi za kaboni haiwezi kugongwagongwa na fundi bodi wa mtaani ikarudi. Kwa Mtwara, asiye na fundi wake wa karibu alifikirie mara mbili.

Gari la tatu, kwa mwenye uwezo, ni lenye betri ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LFP kwenye nyaraka. BYD Atto 3 la mwaka 2022 ni mfano mzuri: betri ya uniti 60 hivi, inayopozwa, na toleo la usukani wa kulia lipo. Betri za aina hii ni nzito kidogo kwa uniti ileile, lakini huvumilia joto na huvumilia kujazwa hadi mwisho mara kwa mara kuliko zile za nikeli. Kwa pwani yenye joto la mwaka mzima, hii ndiyo betri inayostahili kungojewa. Atto 3 linakufikisha Masasi bila wasiwasi, na ukichaji usiku huko unarudi vilevile. Kwenda na kurudi, kilomita 400, bila kuchaji, usijaribu.

Angalia pia tundu la chaji. Magari ya soko la Japani hutumia plagi ya Aina ya 1 kwa chaji ya kawaida na CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Yale yaliyotengenezwa kwa Ulaya mengi hutumia Aina ya 2. Magari mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana hapo tu, na waya wa moja usiingie kwenye jingine.

Kuchaji nyumbani

Mwite fundi umeme kabla gari halijafika. Soketi ya ukutani ya ampea 13 hutengenezwa kwa pasi na jagi la umeme, vitu vya dakika chache. Gari litavuta ampea 10 usiku kucha, na soketi hafifu itachemka, itabadilika rangi, mwisho itayeyuka. Dai waya wa peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, wa milimita za mraba 6, wenye breka yake na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Hata kama leo utachaji kwa ampea 10, waya huo utakungoja hadi gari la pili.

Ethi ndiyo inayowasumbua wengi pwani. Chaja nyingi hupima waya wa ardhini kwanza na kukataa kufanya kazi usipokuwa sawa, na mwenye gari hudhani chaja imekufa. Nyumba za zamani za Mikindani na Shangani nyingi hazina ethi ya maana, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi achimbie rodi ndefu hadi kwenye udongo wenye unyevu, aongeze ya pili ikibidi, kisha apime kwa kifaa. Mwambie akuonyeshe kipimo.

Chaja iliyokuja na gari kutoka Japani ilitengenezwa kwa volti 100 au 200; umeme wetu ni 230. Usiichomeke kwa adapta ya dukani. Nunua chaja ya volti 230 yenye plagi ya gari lako. Ni gharama ndogo ukilinganisha na chaja ya ndani ya gari iliyoungua.

Chaji kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Jioni watu wote wanapika, wanapiga pasi na kuwasha viyoyozi, umeme unakuwa mdogo na chaja hukatakata. Saa saba za usiku huingiza uniti 16, yaani kilomita 90 hivi, na betri nayo huwa imepoa. Betri ya Leaf au i3 ichajiwe hadi asilimia 80 kwa siku za kawaida. Ijaze hadi 100 usiku wa kuamkia safari tu, na usiiache imejaa ikianikwa juani. Kivuli cha mwembe au mkorosho kinarefusha maisha yake kwa kweli kabisa.

Mteja wa D1, mwenye nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, ajue gari litamtoa kwenye daraja hilo. Uniti 75 ni kilomita 450 tu, kabla hujawasha hata friji. Ingiza bei ya T1 kwenye hesabu zako tangu mwanzo, kwa matumizi ya nyumba nzima. Mwenye paa kubwa na mtaji anaweza kufikiria paneli za kilowati 5, ambazo siku ya jua safi hutoa kama uniti 20. Zinamfaa hasa yule ambaye gari lake hushinda nyumbani mchana.

Mchanga, chumvi na bamvua

Msimbati inavutia kila mwenye gari jipya, na pana ufuko ambao watu wamezoea kuuteremkia. Kwa gari la umeme, egesha juu, kwenye ardhi ngumu. Leaf huvuta kwa magurudumu ya mbele, limeinuka sentimita 16 au pungufu kutoka ardhini, na uzito wake wote wa betri umelala sakafuni. Likizama kwenye mchanga laini linakaa kwa tumbo. Maji ya bamvua hupanda upesi katika mwambao huu, na maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya lithiamu huweza kusababisha moto hata siku kadhaa baadaye. Florida ililiona hilo baada ya kimbunga Ian, Septemba 2022, magari ya umeme yaliyofurikwa na bahari yalipoanza kuwaka. Zaidi ya hayo, eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga kwenye fukwe zake. Gurudumu moja linaweza kusaga kiota kizima.

Barabara ya Kilambo, kuelekea Ruvuma, inahitaji macho wakati wa mvua. Betri imezibwa dhidi ya maji ya mvua, lakini dimbwi usilolijua kina chake usiliingie.

Chumvi ya hewani hula polepole. Breki za gari la umeme hazitumiki sana kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, basi diski hupata kutu huku pedi zikiwa mpya. Mara moja kwa wiki, mahali salama, funga breki kwa nguvu mara kadhaa ili kuzisugua. Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, na paka grisi vichwa vya betri ndogo ya volti 12. Betri hiyo ndogo ndiyo sababu ya kawaida ya gari la umeme kukataa kuwaka, na fundi yeyote anaweza kuibadilisha. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse: zinabeba volti 350 na zaidi, na zinaua.

Kupanda Newala

Safari hii ndiyo mtihani wa kweli wa dereva wa Mtwara. Lami hadi Mnivata, kilomita 50, haina shida. Kutoka hapo kwenda Tandahimba na Newala ujenzi umekuwa ukiendelea, kwa hiyo ulizia hali ya njia kwa madereva wa mabasi siku ya safari. Kwenye changarawe punguza mwendo, kwani jiwe linalorushwa hupiga kifuniko cha betri, na ukifika inama utazame. Leaf nyingi hazina tairi la akiba. Zina kopo la gundi tu, ambalo halisaidii tairi lililochanika. Nunua tairi la akiba, jeki na spana kabla ya safari ya kwanza.

Hesabu ya mlima ni hii: gari la tani moja na nusu na ushei, kila mita 100 za kupanda hula nusu uniti juu ya matumizi ya kawaida. Newala iko juu kwa zaidi ya mita 600, basi weka uniti 3 hadi 4 za kupanda. Zaidi ya nusu ya hizo hurudi ukiteremka, mradi betri isiwe imejaa kabisa ukianza kushuka. Betri iliyojaa haina pa kupokea, na mzigo wote unahamia kwenye breki. Anayelala Newala achaji hadi asilimia 90, si 100. Kiyoyozi hula kama uniti moja kwa saa; kwa saa tatu za njia hiyo weka 3. Kwa Leaf la uniti 40 unafika na akiba. La uniti 24 halifiki, na usilijaribu.

Safari ya Dar es Salaam

Magari mengi hushushwa Dar es Salaam, na mwenye gari la petroli humtuma dereva amletee. Gari la umeme la betri ndogo lipakie kwenye lori, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya kuagiza. Likiharibika njiani vilevile: libebwe juu ya lori, au magurudumu yanayozungushwa na mota yainuliwe, kwa sababu kulivuta hayo yakizunguka kunaweza kuunguza mfumo.

Mwenye uniti 60 anaweza kwenda mwenyewe kwa siku mbili, akilala Nangurukuru au Kilwa, karibu katikati ya njia. Katika msimu wa mvua aulizie kwanza: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam sehemu kadhaa. Chumba kikodiwe kwa simu, na maswali ya kumuuliza mwenye nyumba ya wageni ni haya: LUKU ni ya T1 au D1, kuna soketi inayofikiwa na waya wa mita 5 kutoka maegesho, ethi ipo, jenereta huwashwa umeme ukikatika, na ni ya kilowati ngapi. Jenereta ndogo nyingi hazina nyutro iliyounganishwa na ardhi, na chaja zitazikataa. Mwambie mapema kwamba gari litakula uniti 25 hadi 30 usiku huo, umlipe kwa uniti na kumwongezea kidogo, maana wewe huenda ukawa mgeni wake wa kwanza wa aina hiyo na dereva wa umeme atakayefuata atapokelewa kwa kadiri ulivyomlipa.